Kuhifadhi video za laivu utazame baadaye bila intaneti: njia tano nilizozilinganisha

"Mwanangu, nimemwona shekhe kashika mkono wa kijana, kisha wote wakaganda. Alijibu au hakujibu?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza mama mkubwa kwa simu kutoka Pangani, jioni ya nikaha ya mdogo wetu iliyofungwa Tanga mjini. Mtu wa video alikuwa anarusha mubashara YouTube, mama mkubwa akitazama kwenye simu ya mjukuu wake. Pale pale penye ijabu na kabuli, yaani shekhe kuozesha na bwana harusi kujibu, maneno ambayo ndiyo nikaha yenyewe, picha ikasimama. Dada yetu aliyeko Muscat hakuona kitu kabisa. Saa 11 jioni ya Tanga kwao ni saa 12, naye alikuwa bado kazini.

Tangu siku ile kazi ya kuhifadhi laivu za ukoo imekuwa yangu: nikaha, hitima, maulidi, na kwa upande wa wakwe zetu wa Moshi, ibada za mazishi. Nimetumia njia tano, na kwa nikaha ile zilitumika kadhaa kwa pamoja, kila ndugu akihifadhi kwa alichonacho, kwa hiyo niliweza kuweka mafaili ubavu kwa ubavu na kuona tofauti. Haya ni kwa yeyote anayetaka kuchagua, hasa kama mtazamaji wa mwisho ni mzee mwenye runinga na flashi, asiye na bando.

Nani aliganda?

Kuna jambo moja la kulielewa kwanza, na ukishalielewa, kuchagua kunakuwa kwepesi. Video ya laivu ina safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye kamera ya mrushaji hadi kwenye seva za YouTube, Facebook au TikTok. Ya pili ni kutoka kwenye seva hadi kwenye simu yako. Njiani video inakatwakatwa vipande vya sekunde chache chache, kila kimoja kama faili dogo, na simu yako inavivuta kimoja baada ya kingine na kuvicheza kwa mfululizo.

Picha ikiganda kwako, mara nyingi ni ile safari ya pili iliyoyumba: bando limeisha, mnara umelemewa, au uko ndani ya basi. Vipande vyenyewe viko salama kwenye seva, na aliye na mtandao mzuri haoni kuganda kokote. Lakini ukikatika mtandao wa mrushaji, vile vipande havikufika kwenye seva kamwe. Hapo tumeganda wote, na hata marudio yatakuwa na pengo lile lile.

Kwenye nikaha ya Tanga yalitokea yote mawili. Kuganda kwa mama mkubwa kulikuwa ni mtandao wa Pangani. Baadaye, katikati ya mawaidha, ikaganda tena, na safari hii maoni yakaanza kushuka chini ya video: "Imekata huku", "Hata Dar", "Muscat pia hakuna". Ukiona hivyo ujue tatizo liko kwa mrushaji. Dakika kama nne za mawaidha zikapotea kwa kila mtu aliyekuwa anatazama.

Hapo ndipo njia za kuhifadhi zinapoachana. Ukirekodi skrini unahifadhi ulichokiona wewe, pamoja na kuganda kwako. Ukipakua unahifadhi kilichofika kwenye seva. Ukipata faili la mtu wa video unahifadhi kilichoonwa na kamera yenyewe, mtandao uwe ulikatika au haukukatika.

Omba faili kwanza

Watu wengi huruka hatua hii kwa sababu haina utaalamu wowote ndani yake, nami naiweka mbele ya zote. Warushaji wengi wa harusi na mazishi wanarekodi pia kwenye kadi ya kamera huku wanarusha. Faili hilo halijapita kwenye modemu, halijabanwa ili litoshe mtandao wa mahali pale, na lina zile dakika nne za mawaidha. Mpigie siku ile ile, kabla hajaifuta kadi kwa ajili ya kazi ya kesho yake. Mimi nilimwambia hivi: "Kaka, usiniharirie kitu, nipe tu ilivyo kwenye kadi, flashi nakuletea." Alinipa. Kuhariri ndiko kunakochukua wiki. Kunakili ni dakika.

Kama hakurekodi pembeni, bado mwenye chaneli ana mlango ambao mtazamaji hana. Kwenye YouTube mwenye chaneli anaweza kupakua video yake mwenyewe kama MP4 kutoka kwenye studio yake. Facebook nayo inamruhusu aliyerusha kushusha video yake. Instagram inamwekea aliyerusha laivu yake kwenye kumbukumbu kwa siku 30, na TikTok inampa mwenye laivu marudio ya kupakua kwa siku 90. Kwa hizi mbili za mwisho mtazamaji wa kawaida mara nyingi habakiziwi chochote laivu ikifungwa, kwa hiyo kumwomba aliyerusha ndiyo njia safi kuliko zote.

Udhaifu wa njia hii ni mmoja, nao ni mkubwa: inategemea mtu mwingine. Mtu wa video ana harusi tatu kila Jumamosi. Kama humfahamu, au ni chaneli ya msikiti mkubwa au kanisa lenye waumini maelfu, huenda usijibiwe. Ndiyo maana ninakuwa na njia ya pili mkononi wakati laivu inaendelea.

Kitufe cha YouTube chenyewe

Dada wa Muscat alitumia hiki na kwake kimetosha. Analipia YouTube Premium. Laivu ilipokwisha na marudio yakawa tayari, alibonyeza kupakua akiwa kwenye waifai ya nyumbani, akatazama kesho yake ndani ya basi la kazini bila kutumia data. Katika baadhi ya nchi YouTube inaruhusu kupakua video kadhaa hata bila kulipia, kwa ubora wa chini. Angalia kama kitufe kipo chini ya video, maana kinatofautiana nchi na nchi, na video na video.

Yapo mambo matatu ya kujua. Kwanza, hupakui laivu ikiwa inaendelea. Unasubiri marudio, nayo huchukua muda kuwa tayari. Laivu inayozidi saa 12 haihifadhiwi kama marudio kwa uhakika, kwa hiyo mkesha mrefu unaorushwa moja kwa moja bila kukatishwa uko hatarini. Pili, video inakaa ndani ya programu ya YouTube tu. Huwezi kuiweka kwenye flashi, huwezi kumrushia mama mkubwa, na programu inataka ipate intaneti angalau mara moja ndani ya siku 30. Tatu, mwenye chaneli akiifuta video, na ile uliyoipakua inaondoka simu yako ikishaunganishwa.

Kwa hiyo ni njia nzuri kwa mtu mmoja, simu moja, kwa muda mfupi. Kwa kumbukumbu ya familia haifai.

Kurekodi skrini ya simu

Hii ndiyo njia ya wengi, kwa kuwa haihitaji chochote zaidi ya simu. iPhone zimekuwa nayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na Android imeiweka ndani ya mfumo wenyewe tangu toleo la 11 la mwaka 2020. Simu kadhaa zilikuwa nayo hata kabla ya hapo.

Binamu yetu wa Morogoro alirekodi nikaha yote hivi. Faili lake nimelitazama kutoka mwanzo hadi mwisho. Picha ni nzuri, ila kwenye dakika ya 20 ujumbe unashuka juu ya uso wa bwana harusi, na muda mfupi baadaye simu inaita na picha yote inafunikwa. Sauti ndiyo iliyoniumiza zaidi. Alikuwa amechagua kurekodi kwa maikrofoni, kwa hiyo kabuli inasikika kwa mbali, na karibu kabisa ni mtoto anayelia na sahani zinazooshwa.

Hayo yote yanazuilika. Kwenye Android, kabla ya kuanza kurekodi, chagua sauti ya simu yenyewe na uachane na maikrofoni. Washa hali ya Usinisumbue. Zuia skrini isijizime yenyewe. Laza simu ili video ijae skrini, na uichomeke kwenye chaji, kwani kutazama na kurekodi kwa pamoja kunamaliza betri haraka. Fanya jaribio la dakika moja kwenye laivu nyingine siku ya kabla, kisha lisikilize kwa spika. Jaribio hilo la dakika moja lingeokoa saa mbili za binamu.

Kisichozuilika ni kuganda. Mtandao wako ukiyumba, kuganda kunaingia kwenye faili na hakutoki tena. Na huwezi kuwahi sehemu iliyopita kabla hujaanza, ila kama ni YouTube na mrushaji ameruhusu kurudisha nyuma. Hapo unaweza kuburuta hadi mwanzo na kurekodi kutoka pale.

Nafasi nayo ni ya kufikiria. Hesabu ninayoitumia ni nyepesi: kila megabiti 1 kwa sekunde ni takriban MB 450 kwa saa. Laivu yenyewe inaweza kuwa inakujia kwa megabiti 1 au 2, lakini simu ikiwa inarekodi skrini kwa megabiti 8, saa moja inakula kama GB 3.6. Yaani unapata faili kubwa mara kadhaa bila picha kuwa bora hata kidogo. Kama rekoda yako inakuruhusu kushusha ubora, weka 720, yaani mistari 720 ya picha, na uache hapo.

Pamoja na hayo yote, kuna kitu kimoja ambacho kurekodi skrini kunakiweza kuliko njia nyingine, nacho mimi nakithamini sana: maoni. Ukiacha maoni yaonekane pembeni, unayahifadhi kama yalivyokuwa yanashuka. Kwenye faili la binamu, sekunde chache baada ya kabuli, yanapita majina ya watu wetu wote: shangazi wa Muscat na "Baraka Allahu lakuma", kaka wa Mombasa na hongera zake, mtoto wa mjomba aliyeko Uingereza anayeuliza kama bibi yuko na anaendeleaje. Bibi amefariki baada ya hapo. Kamera ya mtu wa video haikuona hata moja kati ya hayo.

Na kwa laivu za TikTok na Instagram ambazo aliyerusha hatakupa faili, kurekodi skrini kunaweza kuwa ndiyo nafasi yako pekee.

Kurekodi kwa kompyuta: OBS

OBS Studio ni programu ya bure inayotumiwa na warushaji wenyewe, ila inarekodi pia. Inachukua dirisha la kivinjari na sauti ya kompyuta, bila simu kuita katikati. Unachagua mwenyewe ubora: kwa video ya ndugu wamekaa msikitini, kilobiti 2,500 kwa sekunde zinatosha, sawa na GB 1.1 hivi kwa saa.

Ushauri wangu mkubwa hapa ni wa aina ya faili. Mwaka mmoja nilirekodi maulidi kwa kompyuta ya mezani, nikiwa nimechagua MP4 kwa kuwa ndiyo niliyoizoea. Saa moja na nusu ndani, umeme ukakatika. Uliporudi nikalikuta faili lipo, GB zake zipo, lakini halifunguki kwa programu yoyote. MP4 ya kawaida inaandika ramani ya faili zima mwishoni, pale unapobonyeza kusimamisha. Umeme ukikatika kabla, ramani haipo, na bila ramani programu ya kuchezea video haijui ianzie wapi. Tangu hapo narekodi kwa MKV, ambayo ikikatwa katikati inabaki na yote yaliyokwisha andikwa. Nikimaliza, OBS yenyewe inaigeuza kuwa MP4 kwa dakika chache bila kupunguza ubora. Matoleo mapya yana MP4 ya mseto inayohimili kukatika, lakini kwa kompyuta ya zamani yenye toleo la zamani, MKV ndiyo salama. Laptopu yenye betri nzima ni bora zaidi kwa kazi hii.

OBS ina ugonjwa ule ule wa kurekodi skrini: kuganda kwako kunaingia. Inafaa pale penye mtandao wa uhakika na video isiyopakulika.

Kupakua kwa yt-dlp

Kwa ubora wa kazi, hii ndiyo inayofuata baada ya faili la mtu wa video. yt-dlp ni programu ya bure ya kompyuta iliyozaliwa kutoka youtube-dl mwaka 2021. Haina vitufe, unaandika amri. Hilo huwaogopesha watu, lakini amri zenyewe ni mbili tatu, na ukishaziandika kwenye daftari hutazitafuta tena.

Tofauti yake na kurekodi ni kwamba haitazami video. Inakwenda kuchukua vile vipande vyenyewe kwenye seva na kuviunga. Mtandao wako ukiyumba, inasubiri na kujaribu tena. Faili linachelewa tu, haliharibiki. Kabuli ambayo mama mkubwa hakuiona, mimi niliipakua usiku kwa mtandao huu huu wa simu unaosuasua, na ikaja nzima.

Kwa marudio ya YouTube natumia hii:

yt-dlp -S "res:480,vcodec:h264,acodec:aac" --merge-output-format mp4 "KIUNGO"

Pale penye KIUNGO unabandika anwani ya video. Ile 480 ni ubora usiozidi mistari 480, unaotosha runinga ya sebuleni na kula data kidogo. Hilo neno h264 ndilo muhimu, nitalieleza kwenye sehemu ya runinga. Utahitaji pia programu inayoitwa ffmpeg iwe kwenye kompyuta, kwa sababu picha na sauti huja kando kando na ndiyo inayoziunga.

Kwa laivu inayoendelea, ya YouTube, kuna hii:

yt-dlp --live-from-start --wait-for-video 60 "KIUNGO"

Inafanya mambo mawili ambayo hakuna njia nyingine ya mtazamaji inayoyafanya yenyewe bila kushikwa mkono. Kama laivu haijaanza, inakaa langoni na kugonga kila sekunde 60 hadi ianze. Kama imeshaanza na wewe umechelewa, inarudi mwanzo na kuchukua vyote. Naiacha ikifanya kazi huku mimi niko kwenye shughuli yenyewe.

Kwa nini uhangaike na laivu badala ya kusubiri marudio? Kwa sababu marudio si ya kutegemea. Mwenye chaneli anaweza kuyafuta au kuyafungia. Harusi inayopigwa muziki ina hatari nyingine: YouTube inatambua nyimbo zenye wenyewe, na marudio yanaweza kuzuiwa au kunyamazishwa sauti. Facebook nayo, tangu tarehe 19 Februari 2025, inafuta video mpya za laivu baada ya siku 30, wakati zamani zilikuwa zikibaki. Ibada ya mazishi iliyorushwa Facebook ina mwezi mmoja tu, na mwezi wa msiba unapita mtu hajakumbuka hata kula vizuri. Weka alama kwenye kalenda siku ile ile.

Udhaifu wa yt-dlp ni wa aina mbili. Mitandao inabadilika mara kwa mara na programu inavunjika, kwa hiyo kabla ya tukio isasishe kwa yt-dlp -U. Pili ni ruhusa: masharti ya YouTube hayaruhusu kupakua nje ya kitufe chao ila kwa ruhusa. Kwa laivu za ukoo nampigia mwenye chaneli na kumwambia nataka kupakua nakala ya wazee. Hakuna aliyewahi kunikatalia. Kwa mpira wa ligi, filamu na tamasha za kulipia sifanyi, na hata ukijaribu kurekodi skrini, programu nyingi za namna hiyo zitakupa picha nyeusi tupu. Hakimiliki inalindwa na sheria, Tanzania kwa sheria ya mwaka 1999 na Kenya kwa ile ya 2001.

Tovuti zile za kubandika kiungo ukapewa video nimeziacha nje ya ulinganisho. Zimejaa vitufe vya uongo vya kupakua, na kitufe kimoja kibaya kinakuingizia programu usiyoijua kwenye simu yenye pesa zako.

Runinga ya mzee ndiyo mtihani

Ukishapata faili, kazi haijaisha. Runinga ya mama mkubwa ina tundu la USB, lakini si ya kisasa. Mara ya kwanza nilimpelekea faili nililopakua bila kuchagua chochote, likatoa sauti bila picha. Sababu ni kwamba YouTube huhifadhi video moja kwa mibano tofauti, yaani namna tofauti za kubana picha, na yt-dlp ikiachwa ichague yenyewe mara nyingi inachukua VP9 au AV1, ambazo runinga za zamani hazizijui. H.264 yenye sauti ya AAC ndani ya MP4 inachezwa karibu na kila kitu, ndiyo maana nimeiandika ndani ya amri. Faili la OBS kwa kawaida ni H.264 tayari. Baadhi ya simu hurekodi kwa mbano mpya zaidi unaoitwa HEVC, kwa hiyo pitia mipangilio ya rekoda.

Kizuizi cha pili ni flashi yenyewe. Nyingi za GB 32 kushuka chini zimeumbizwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili, na FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4. Video ya 1080 inayokwenda megabiti 4.5 inafika GB 2 kwa saa, kwa hiyo harusi ya saa tatu ni GB 6 na haitaingia hata kama flashi ni tupu. Unaweza kuiumbiza flashi kwa exFAT, lakini runinga ya zamani huenda isiisome. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda 480: saa tatu hazifiki GB 1.5, zinaingia popote. Faili la kamera, ambalo ni kubwa kuliko yote, nalihifadhi lenyewe kwenye diski, kisha natengeneza nakala ndogo ya flashi.

Yasiyohifadhiwa

Kuna laivu ambazo sizigusi. Usiku wa akina mama kabla ya nikaha, dada zangu walirusha kwa kiungo cha siri ili wa Muscat na wa Dubai washiriki. Mle ndani mitandio imevuliwa, watu wanacheza, na kila aliyemo amejua yuko mbele ya wanawake wenzake tu. Faili likishakaa kwenye flashi halina tena kiungo cha siri. Linakwenda na yeyote anayeiokota. Mmoja wa dada aliniomba nimsaidie kulihifadhi, nikamwambia, "Dada, waulize wote waliomo kwanza, na akikataa hata mmoja tuache." Tuliacha.

Msiba ni vivyo hivyo. Ibada na hotuba, ndiyo. Kamera inapomwendea mjane akiwa amezidiwa na kilio, kipande hicho nakikata kabla ya kugawa nakala kwa ndugu.

Basi uchague ipi?

Kama tukio ni la familia na mrushaji unamjua, ongea naye kabla ya siku: arekodi kwenye kadi, na flashi yako awe nayo mfukoni. Huku nyuma acha yt-dlp ikichukua laivu kama akiba. Nikipewa chaguo la njia mbili tu maishani, ni hizo.

Kama huna kompyuta, rekodi skrini kwa maandalizi niliyoyataja, na umwombe ndugu mmoja mwenye mtandao mzuri zaidi yako arekodi pia, kwa sababu mkiganda hamtaganda wote dakika ile ile. Kama laivu iko TikTok au Instagram, rekodi skrini, kisha siku ile ile mwombe aliyerusha akupe marudio yake. Kama unataka tu kutazama safarini na kufuta, kitufe cha YouTube kinatosha na hakina usumbufu. OBS iache kwa siku ambayo yt-dlp imegoma na video haipatikani kwingine.

Kama umependa maoni kama mimi, mwambie mmoja wenu arekodi skrini yenye maoni hata kama faili zuri tayari mnalo. Mimi nimeyaweka yote mawili kwenye flashi moja, na majina yanaanza kwa namba ili runinga iyapange: 01 Nikaha, 02 Mawaidha kamili kutoka kwenye kamera, 03 Nikaha na maoni ya ndugu.

Flashi ile ilikwenda Pangani na kijana wa basi. Jioni mama mkubwa akapiga simu, nasikia nyuma yake runinga imefunguliwa kwa sauti kubwa, shekhe anasema maneno yake, kisha sauti ya mdogo wetu.

"Kajibu," akasema. "Tena kajibu upesi."